Mjinga, Mtwana, Mswahili: Majina Yaliyobaki Baada ya Utumwa

Neno mjinga halikuzaliwa darasani. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 lilikuwa na maana yake mahususi: mjinga alikuwa mtumwa mgeni, aliyeteremshwa jahazini juzi au aliyefika na msafara kutoka bara, ambaye hajajua Kiswahili, hajajua kuswali, wala hajazoea vichochoro vya mji. Aliyezaliwa utumwani papo hapo pwani aliitwa mzalia, naye alijiona bora kuliko mjinga. Mwanamume alikuwa mtwana, mwanamke alikuwa mjakazi, na juu yao wote alikaa mwungwana, mtu huru wa mji mwenye nasaba ya kutaja. Yule mjinga aliyetoka pande za Ziwa Nyasa huenda alijua kusuka mitego ya samaki, kuchagua mbegu, kutibu homa kwa mizizi, kusema lugha yake na ya jirani yake, na kuhesabu wazee wa ukoo wake mmoja baada ya mwingine. Siku alipokanyaga Unguja yote hayo yalihesabiwa kuwa si elimu, kwa kuwa hayakuwa elimu ya pwani. Mwalimu anayemwambia mtoto leo kwamba ni mjinga hajui kuwa anatumia neno la sokoni, lililotumika kuwapima watu walioletwa kuuzwa.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu linabeba hoja yangu yote. Kumpima mtu kwa jina la kundi alilotiwa humdhuru kwa njia nyingi. Humnyima kazi, humnyima mke au mume, humpa makofi asiyostahili. Lakini dhara kubwa kuliko yote ni lile linalotokea ndani yake, pale anapoanza kukitumia kipimo hicho mwenyewe. Anaweza kupambana usiku na mchana ili atoke chini apande juu, na kila hatua anayopanda inathibitisha kwamba ngazi ni halali. Historia ya Unguja kabla na baada ya mwaka 1897, ulipofutwa utumwa kisheria, inalionyesha jambo hili kwa uwazi wa kutisha, na ushahidi wake umo katika nguo, majina na daftari za sensa.

Tuanze na nguo. Kuanzia mkataba wa biashara wa 1833 kati ya mtawala wa Unguja, Sayyid Said, na Marekani, meli za Salem, Massachusetts, zilileta Unguja shehena za pamba nyeupe nzito ambayo haijapaushwa. Watu waliiita merikani, na jina likabaki hata baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, kuvuruga biashara hiyo na nguo za Uingereza na Bombay kushika nafasi yake. Merikani iliyotiwa nili ikawa kaniki. Ilikuwa rahisi, ilificha uchafu wa shamba, na ilipokuwa mpya ilimwachia mvaaji rangi ya samawati mabegani na kwapani. Mjakazi aliifunga juu ya matiti, mabega wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Mwanamke huru alijifunika; na mke wa tajiri, katika baadhi ya miji ya pwani, alitembea ndani ya shiraa, pazia kama hema lililoshikwa na wajakazi, yeye asionekane na wao waonekane. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, ameeleza kuwa mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana, na kanzu yake haikutakiwa kumfika miguuni. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumwambia mtu kila siku kwamba yeye ni duni. Kila asubuhi alipojifunga nguo yake, mikono yake mwenyewe ilimwambia.

Huyo Mtoro, nitaje kwa kupita, alikuja kuonja dawa hiyo. Alikuwa mwungwana na msomi, akaenda Berlin kufundisha Kiswahili, akaoa mwanamke wa Kijerumani. Walipojaribu kurudi pwani mwaka 1905 serikali ya kikoloni ilimkatalia kushuka na mke wake, kwa sababu ya rangi yake. Mtu aliyeandika kwa utulivu mtumwa asivae nini, akajikuta katika ngazi nyingine ambayo yeye ndiye aliye chini, na elimu yake yote haikumpandisha hata daraja moja.

Baada ya nguo yalikuja majina. Mtu aliyenunuliwa alipewa jina jipya, na mara nyingi halikuwa jina ambalo mwungwana angempa mwanawe. Waliitwa Feruzi, Almasi na Marijani, majina ya vito. Waliitwa Baraka, Mabruki na Faida, majina ya bahati, na bahati yenyewe ilikuwa ya bwana. Mwungwana alijulikana kwa baba na babu: fulani bin fulani bin fulani. Mtumwa alijulikana kwa mwenye mali: fulani wa fulani. Aliyeambiwa aseme yeye ni nani alilazimika kutaja jina la aliyemnunua, na akifanya hivyo kwa miaka ishirini, swali lenyewe la yeye ni nani hupoteza jibu jingine.

Dhana kubwa kuliko zote ilikuwa ya uvivu. Salme binti Said, binti wa Sayyid Said aliyekwenda kuishi Ujerumani, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na humo aliutetea utumwa akisema Mwafrika hafanyi kazi bila kulazimishwa. Lakini ni watumwa hao hao waliopanda, wakapalilia na kuchuma karafuu iliyoifanya Unguja na Pemba kutajirika. Ni wao waliobeba mizigo bandarini na pembe za ndovu kutoka bara. Ni wao waliochoma chokaa na kubeba mawe ya matumbawe yaliyojengewa nyumba za Mji Mkongwe. Hata neno kibarua lilitoka kwao, kwani lilikuwa kikaratasi alichopewa mtumwa aliyekodishwa kwa kazi ya siku, ambaye jioni sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana. Watu waliofanya kazi za mji mzima waliitwa wavivu na watu waliokaa barazani. Waingereza nao waliirithi dhana hiyo bila kuichunguza. Amri ya Aprili 6, 1897, aliyoitoa Sultani Hamoud bin Mohammed kwa shinikizo lao, ilimtaka aliyetambuliwa kuwa huru aonyeshe, akiulizwa, kwamba ana makazi na njia ya kujipatia riziki; asiyeweza angehesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Masuria waliachwa nje ya amri hadi mwaka 1909. Sheria iliyomwondolea mtu jina la mtumwa ilimkabidhi mlangoni jina la mvivu, naye akatakiwa kuanza maisha ya uhuru kwa kujitetea.

Sasa tazama watu hawa walifanya nini na uhuru wao. Wengi waliingia mjini, wakajenga nyumba za udongo na makuti Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Na moja ya matumizi yao ya mwanzo ilikuwa nguo. Kanga ilikuwa imeanza kuenea kuelekea mwisho wa karne ya 19, na wanawake waliokuwa wajakazi waliikimbilia kwa shauku. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, lilianza mwaka 1887 na likawa na chapa iliyojulikana pwani nzima. Ukiishika doti ya kanga utaelewa kwa nini. Kaniki ni rangi moja, giza, haina mwanzo wala mwisho. Kanga ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, na baadaye ikaja kuwa na jina, maneno yaliyopigwa chapa kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha za Kirumi. Tena ni mbili: moja ya kujifunga, moja ya kujitanda kichwani na mabegani, mahali pale pale ambapo kaniki ilipaacha wazi. Wanaume walinunua kanzu na kofia za kufuma. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 buibui nalo likaenea hata kwa wajukuu wa watumwa, na stara ambayo bibi zao walikatazwa ikawa vazi la kila siku.

Hapa msomaji makini atanipinga, na pingamizi lake ni zito. Atasema: hiyo si historia ya watu waliojeruhiwa, hiyo ni historia ya watu waliofurahi. Walinunua nguo nzuri kwa sababu ni nzuri. Walibuni mitindo, wakaunda ngoma na vyama, wakaujenga Ng'ambo wenye muziki kuliko mji wa mawe. Wewe umejuaje walichohisi mioyoni, ilhali hawakuacha barua wala shajara? Nakubali nusu ya maneno haya kwa moyo mmoja. Furaha ilikuwepo, na akili ya kubuni ilikuwepo, na yeyote anayewaonyesha watu hawa kama majeruhi watupu anawadhulumu mara ya pili. Lakini furaha ya kuvaa kanga haielezi kwa nini kaniki iligeuka tusi. Nguo isiyo na hatia yoyote, iliyowastiri mama zao, ikawa kitu cha kumtajia mtu ili afedheheke mbele ya watu. Mtu akipanda cheo hujifurahisha kwa alichopata. Mtu aliyejeruhiwa huendelea kukimbia alichoacha, na hurusha jiwe kwa wanaofanana nacho.

Na ushahidi wa pili hauna uhusiano na urembo. Ni daftari za sensa. Katika sensa ya 1924, Unguja na Pemba, walioandikwa kuwa Waswahili walikuwa makumi ya maelfu. Miaka saba baadaye, 1931, walibaki elfu chache tu. Hapakuwa na tauni iliyowachagua Waswahili peke yao. Jina Mswahili lilikuwa limeanza kumaanisha, kwa sikio la mji, mtu asiye na kabila la kutaja, yaani mjukuu wa mtumwa. Basi watu wakalivua kama walivyoivua kaniki. Wengine walijiandikisha kwa asili nyingine za visiwani, wengine wakasema ni Waarabu, na idadi ya Waarabu katika sensa hizo ilipanda kwa kiasi ambacho uzazi na uhamiaji peke yake haviwezi kukieleza. Ni kweli kulikuwa na faida za dhahiri, kwani serikali ya kikoloni iligawa nafasi na haki kwa kufuata kabila, na mtu mwenye akili hujiandikisha pale penye nafuu. Lakini faida hiyo ndiyo sura nyingine ya jeraha lile lile. Mtu anayelazimika kumkana bibi yake mbele ya karani ili watoto wake wapate nafuu hutoka pale na nafuu mkononi na bibi aliyekanwa moyoni. Watoto wake nao hujifunza kunyamaza linapoulizwa swali la walikotoka. Jina lenyewe halijapona hadi leo. Katika Dar es Salaam ya wakoloni mji uligawanywa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Wakoloni wameondoka, na bado mtu husema uswahilini akimaanisha penye vurugu na maji machafu, na humwita mwenzake Mswahili akimaanisha hatimizi ahadi. Anayasema hayo kwa Kiswahili.

Maisha ya Siti binti Saad yanatuonyesha jambo hili kwa karibu kuliko takwimu. Alizaliwa Fumba, kusini mwa Unguja, yapata mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, katika ukoo uliopitia utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu kama mama yake, akavichukua mjini kuviuza, akitembea na kunadi kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya wakati huo iliimbwa kwa Kiarabu katika nyumba za wakubwa, na klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoundwa 1905, ilikuwa ya wanaume. Siti akajifunza, akaimba, akaitoa taarabu kwenye Kiarabu akaileta kwenye Kiswahili cha watu wa Ng'ambo. Machi 1928 alikwenda Bombay akarekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice, na sauti yake ikafika popote Afrika Mashariki palipokuwa na gramafoni. Na bado, mjini kwake, ulitungwa wimbo wa kumkejeli kwa sura yake na kwa kaniki aliyokuja nayo mjini. Angalia walichochagua wapinzani wake. Hawakusema sauti ni mbaya, wala kwamba hajui ghani. Walimrudisha kwenye nguo. Mtu aliyeimba mbele ya Sultani aliambiwa arudi akasimame pale mama yake aliposimama.

Alijibu kwa wimbo wake, na jibu lake lilibadilisha kipimo: alikiacha kipimo cha sura na nasaba, akaweka cha akili na ubora wa kazi. Kwa maoni yangu hilo ni tendo kubwa kuliko santuri zote. Lakini nisimtumie vibaya. Yeye naye hakubaki na jina la Mtumwa. Aliitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima, na alipoimba alijistiri kwa buibui. Hata mwenye kipaji cha namna ile hakuweza kuishinda ngazi bila kupanda japo vidaraja viwili. Basi ni wangapi wasio na sauti ya Siti walirudishwa kwenye kaniki wakabaki huko huko, wakiamini kwamba wimbo ule ulisema kweli juu yao?

Wapo watakaosema kwamba ninakuza mambo, kwamba utumwa wa pwani ulikuwa mpole, mtumwa alikuwa kama ndugu wa nyumba, alipewa mke, aliachwa huru kwa ajili ya thawabu, na mtoto wa suria alirithi sawa na mtoto wa mke. Mengine kati ya hayo ni kweli. Mtoto aliyezaliwa na suria na kukubaliwa na baba yake alikuwa huru, na masultani kadhaa walikuwa wana wa masuria. Lakini upole wa bwana mmoja haukufuta neno mtwana mdomoni mwa mji. Tena upole wenyewe ulikuwa na sharti, kwamba mpokeaji akubali daraja lake na ashukuru. Mtu anayelishwa vizuri na kuitwa mali ya mtu hujifunza kwamba thamani yake ni hisani, na hisani hukatwa.

Wengine watataja utani. Watasema Waafrika wa Mashariki wametaniana tangu zamani kwa majina ya makabila, Mzaramo na Mnyamwezi hutupiana maneno makali hata msibani, na hakuna aliyekufa. Ni mfano mzuri, nami nautumia kuonyesha tofauti. Utani una pande mbili: leo unanitukana wewe, kesho nakutukana mimi, na wote tunajua kanuni. Mtwana hakuwa na siku yake ya kumwita mwungwana jina. Hata shikamoo, ambayo wengi wanaieleza kuwa ilitokana na kushika miguu ya mkubwa, imesafika kwa sababu iliingia katika zamu: mtoto anayeitoa leo ataipokea akiwa mzee, naye ataitikia marahaba. Dharau isiyo na zamu ndiyo inayouma, na ndiyo inayoota mizizi.

Na mizizi hiyo ilizaa. Katika miaka ya mwisho ya 1950 magazeti na mikutano ya vyama vya Unguja yalijaa maneno haya haya yaliyodhaniwa kufa: nani mtumwa, nani mshenzi, nani mgeni, nani mwenye bwana. Upande mmoja ulijisifu ustaarabu. Upande wa pili ukamfanya kila Mwarabu kuwa mwuza watu. Ghasia za uchaguzi za Juni 1961 ziliua watu 68, wengi wao Waarabu, na miongoni mwa walioshambuliwa mashambani walikuwa Wamanga, wachuuzi maskini waliofika kutoka Oman siku za karibuni na ambao hawakupata kumiliki mtumwa maishani mwao. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimwaga damu nyingi zaidi. Mambo mengi yalisababisha siku zile, ardhi, karafuu, kura zilizogawanywa vibaya, nami sisemi kwamba majina peke yake yaliua. Ila aliyempiga Mmanga dukani kwake alikuwa akimpiga jina. Kipimo kile kile kiligeuzwa kichwa chini, na mtu halisi aliyesimama nyuma ya mizani hakuonekana, kama ambavyo mjinga wa zamani hakuonekana.

Tuna methali tunayoipenda: mwacha asili ni mtumwa. Husemwa harusini, huandikwa kwenye kanga, hufundishwa shuleni, na ni kweli kwamba inakusudia kutukumbusha tulikotoka. Lakini isikilize kwa sikio la mtu aliyenyang'anywa asili yake kwa nguvu. Inamwambia kwamba kosa ni lake, kwamba ndiye aliyeiacha. Mfikirie Sidi Mubarak Bombay: alikuwa mtoto wa Kiyao aliyetekwa kijijini kwao, akauzwa kwa nguo, akapelekwa India, akakaa huko miaka mingi hadi bwana wake alipokufa. Alirudi Afrika akiwa huru, akawaongoza wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika, akasafiri na Stanley, akavuka na Cameron kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa medali ya fedha na pensheni. Wazungu aliowaongoza waliandika juu yake kurasa kwa kurasa, meno yake, uaminifu wake, ulevi wake, ugomvi wake na wapagazi, na wote walimwita kwa jina la mji ambamo hakuzaliwa. Jina alilopewa na mama yake Uyaoni hakuna hata mmoja wao aliyeliandika.